Umesoma Mpaka Wapi?

Jibu la swali la tisa lilikuwa limezungushiwa duara la wino mwekundu, na pembeni yake Msimamizi alikuwa ameandika neno moja tu: haiwezekani.

"Kaa kwanza," Msimamizi alisema. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, na alipokasirika sauti ile ilizidi kuwa ndogo. "Nieleze hii. Fundi vigae. Elimu, darasa la saba. Kipato, milioni mbili na laki tatu kwa mwezi."

"Ndivyo alivyonijibu."

"Watu hujibu, binti yangu. Kuna aliyeniambia mimi ana ndege. Rudi ukahakiki. Kama alikuwa anakutania, tunamtoa. Namba moja kama hii inatuvurugia jedwali zima."

Binti aliyeambiwa hivyo alikuwa na miaka ishirini na tisa na shahada mbili za takwimu. Nyumbani na mtaani kwao aliitwa Profesa. Baba yake alimpachika jina hilo siku aliporudi na ripoti ya darasa la tatu akiwa ameongoza wenzake wote, na tangu hapo halikumbanduka, ingawa uprofesa wenyewe haukutokea. Kilichotokea ni vibarua vya mikataba. Huu wa sasa ulikuwa wa miezi sita: kupita mlango kwa mlango katika jiji lile kubwa, akiuliza watu wamesoma mpaka wapi na wanapata kiasi gani, ili wakubwa wajue kama viwili hivyo vinaongozana au kila kimoja kina njia yake.

Alichukua karatasi yake akatoka akijitia amenuna. Kusema kweli hakununa hata kidogo. Wiki nzima fundi yule alikuwa amemkaa kichwani. Mahojiano yao ya kwanza yalichukua dakika tisa, uani kwa jengo alilokuwa akifanyia kazi, fundi akinawa mikono kwenye ndoo. Alijibu yote bila kusitasita, akamtazama machoni mara mbili, na mara ya pili Profesa alisahau swali lililofuata. Sasa ametumwa kurudi. Nani angekataa? Alizipanda ngazi za ghorofa nne za jengo lile ambalo halijaisha kama mtu aliyeitwa kupokea zawadi.

"Hodi!"

"Karibu, ila ishia hapo hapo mlangoni! Ukizigusa hizo kamba umeniharibia siku."

Ilikuwa sebule pana yenye madirisha yasiyotiwa vioo bado. Upande wa mbali sakafu ilikuwa imeshavikwa vigae vya kijivu, vimelala sawa kama maji ya mtungini. Upande wa mlangoni ilikuwa zege tupu, na juu yake kamba mbili nyeupe zilipishana. Katikati, fundi alikuwa amepiga magoti, amempa Profesa mgongo, uso kwenye kazi. Alikuwa akitandika safu moja kisha akirudi nyuma, safu nyingine akirudi nyuma, akiujia mlango kinyumenyume. Profesa alihesabu kwa macho. Kati yao zilibaki safu sita.

"Ni wewe, Bi Maswali," fundi alisema bila kugeuka.

"Umenijuaje na hujaniona?"

"Humu wote tunavaa mabuti. Wewe peke yako unatembea ko, ko, ko." Alichukua kigae, akakilaza juu ya gundi, akakigonga taratibu kwa nyundo ya mpira huku ameinamisha sikio. "Halafu masikio ndiyo kazi yangu. Kigae kikiwa na uwazi chini, sauti yake hukisema. Wenzangu wananiita Pima Maji, lakini pima maji huangalia kama kigae kimelala sawa. Uwazi wa chini ni kazi ya sikio."

"Nimekuja kuhakiki majibu yako."

"Kuhakiki ndiyo kufanyaje?"

"Kuhakikisha."

"Kumbe mmeona nimewadanganya."

Profesa alishusha macho kwenye fomu. Nyundo ilisita hewani.

"Swali gani?"

"La kipato."

Pima Maji alicheka kidogo, kisha kicheko kikamwishia. "Jengo la pili hapo kuna wakili. Nilikuona siku ile ukitoka kwake na makaratasi yako. Yeye umemrudia?"

"Hapana."

"Alikutajia ngapi?"

"Hiyo ni siri ya utafiti."

"Sawa, siri. Lakini hamkumrudia. Yeye ana vyeti ukutani, mimi nina simenti kwenye nyusi."

Maneno yale yalimchoma Profesa, kwa sababu yalikuwa kweli. Aliitazama fomu mikononi mwake. Katika maswali arobaini na mawili halikuwemo hata moja ambalo angeweza kulijibia hilo.

"Samahani," alisema. "Mimi ningekuwa wewe ningekasirika."

"Nimekasirika. Lakini nitakujibu." Alipaka gundi, akaichana kwa mwiko wenye meno. "Ila leo tunabadilishana. Swali moja lako, moja langu."

"Utaratibu hauruhusu."

"Utaratibu wako umeuacha ofisini. Hapa ni wangu, na umeshausikia: ishia mlangoni."

Profesa alijikuta anatabasamu mgongoni mwa mtu. "Haya. Naanza mimi. Hiyo milioni mbili unaipataje?"

"Kwa mita ya mraba. Kuna mwezi napata nne, kuna mwezi sipati kitu, nakaa nyumbani natazama dari. Nimechukua mwaka mzima nikaugawa kwa kumi na mbili, ndiyo nikakutajia."

"Uligawa kwa kikokotoo?"

"Kwa kichwa."

"Sebule hii ina mita ngapi?"

"Saba na nusu kwa sita. Arobaini na tano. Kigae ni sentimita sitini, kwa hiyo vinakwenda mia moja na ishirini na vitano. Ongeza kumi na vitatu vya kukatwa na kuvunjika. Mia moja thelathini na nane."

Profesa alichomoa simu, akabonyeza chini chini. Arobaini na tano, gawa kwa nukta tatu sita. Mia moja ishirini na tano. Aliirudisha simu mkobani polepole, kama mtu aliyekamatwa akichungulia dirisha la jirani.

"Nimepatia?"

"Umepatia."

"Zamu yangu. Wewe umesoma mpaka wapi?"

"Shahada ya pili."

Pima Maji alipiga mluzi. "Miaka mingapi darasani, ukijumlisha yote?"

"Kumi na minane."

"Kumi na minane!" Hakusema kwa kejeli. Alisema kama mtu aliyetajiwa kina cha ziwa. Alirudi nyuma safu moja.

Zilibaki tano. Profesa alimwuliza nani alimfundisha kazi, naye akamwambia juu ya mzee mmoja mkali, marehemu sasa, aliyemkuta kijana wa ndoo za zege, akamwona anapanga vipande vya vigae vilivyovunjika wakati wenzake wamelala mchana. Mzee hakumwuliza jina. Alimwambia tu, "Una jicho. Kesho njoo na magoti yako." Profesa akataka kujua kwa nini magoti. Pima Maji alijigonga kwenye ngozi nene aliyofunga gotini.

"Mshahara wangu unakaa hapa. Daktari ameyapiga picha, ameniambia nina miaka minane, ikizidi sana kumi. Baada ya hapo sitapiga magoti tena. Karatasi yako ina mahali pa kuandika hilo?"

"Haina."

"Basi imeniuliza nusu." Alilaza kigae kingine, akasikiliza, akaridhika. "Sasa langu. Wewe kwa mwezi unapata ngapi?"

Profesa alikuwa amewauliza watu mia tatu na kumi na nne swali hilo kwa uso mkavu, na hakuwahi kujua lina ncha. Kumbe kumtajia mtu mshahara wako ni kama kumfungulia kabati la nguo za ndani. Aliutazama mgongo ule mpana, shati limelowa jasho katikati ya mabega, akashukuru kwamba mwenyewe hageuki.

"Laki sita na nusu," alisema. "Mkataba ukiwepo."

Alingoja kicheko. Hakikuja. Nyundo iligonga mara moja, ikakaa.

"Nyumbani wanajua?"

"Hilo ni swali la pili."

"Lijibu bure, nami nitakupa langu moja la bure."

Pengine ni ule mgongo, au ni ile harufu ya simenti mbichi, au ni kwamba hakuna aliyewahi kumwuliza. Profesa aliegemea mwimo wa mlango. "Hawajui. Baba yangu ni mwalimu, amestaafu. Aliuza baiskeli yake nisome. Anaamini napata mara mbili ya hizo. Kila mwisho wa mwezi nampa laki mbili, azishike mkononi aone shule imelipa. Zinazobaki najua mwenyewe nazipigaje."

"Pole" ingemuudhi, na fundi hakuisema. Alisema, "Hiyo hesabu yako ni ngumu kuliko zangu," kisha akarudi nyuma.

Zilibaki safu mbili. Sasa alikuwa karibu kiasi kwamba Profesa aliona kovu dogo nyuma ya sikio lake, na vumbi jeupe kwenye nywele. Angeweza kunyoosha mkono akalipangusa. Alikumbatia fomu yake kwa mikono yote miwili, isije ikawa mkono ukaenda wenyewe.

"Nimalizie," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika kidogo. "Kipato nimekihakiki. Elimu, darasa la saba. Hiyo haina tatizo, naiacha ilivyo."

Pima Maji aliweka nyundo chini. Kwa mara ya kwanza aligeuka mzima mzima, bado yuko magotini, akamtazama kutoka chini.

"Hiyo ndiyo niliyokudanganya."

"Nini?"

"Niliishia la tano."

Profesa aliitazama fomu, pale alipokuwa ameandika la saba.

"Mama yangu alikuwa anafanya kazi za ndani," Pima Maji alieleza. "Akibadilisha bosi tunahama, nami nabadilisha shule. Shule ya tatu walisema ninarudishwa darasa la tatu. Nilikuwa mrefu kuliko mwalimu. Nilikaa siku mbili na watoto wanaonifika kifuani, siku ya tatu nikaenda kubeba ndoo za zege. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Ni miaka ishirini na mitatu sasa."

"Lakini kwa nini ulinidanganya? Utafiti hauandiki jina. Ungesema la tano, nani angekucheka?"

"Ulikuwa umesimama pale ndooni, na kalamu yako na ile blauzi yako ya njano." Alikuna nyusi, simenti ikamwagika. "Wanaume wengine huongeza urefu, wengine huongeza pesa. Mimi nilikuongezea madarasa mawili. Nilidhani la saba utalivumilia."

Profesa alicheka. Alijaribu kukizuia kicheko, kikapita. Pima Maji naye akacheka, na sebule ile tupu ikawarudishia vicheko vyao vyote viwili pamoja. Vilipotulia, waliendelea kutazamana muda mrefu kuliko inavyohitajika kuhakiki jambo lolote.

Fundi ndiye aliyeangusha macho kwanza. "Nina lingine, la nje ya karatasi. Hili usiliandike."

"Siandiki."

"Kuna kampuni inajenga hoteli, vyumba themanini. Wananitaka niwe msimamizi wa vigae vyote, watu thelathini chini yangu, mimi nisimame tu na kuangalia. Magoti yangepona. Wamenipa makaratasi mara tatu, na mara tatu nimewaambia nina kazi nyingi." Sauti yake ilishuka. "Namba nazisoma kama maji. Maneno, moja moja naweza. Yakija ukurasa mzima yananikimbia. Nikisaini nisichokielewa, nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Hakuna anayejua. Wanadhani naringa."

Asubuhi Profesa alipanda ngazi akitaka kujua mtu wa darasa la saba amepataje milioni mbili. Sasa alitaka kujua angefika wapi kama mtu mmoja tu angemkalisha mezani na kitabu.

"Unataka nini?"

"Mwalimu. Nitamlipa. Ila awe mtu asiyenitangaza."

Safu ya mwisho aliitandika bila maneno. Alikata vipande vya kizingitini, akavipachika, kisha akatoka kinyumenyume mpaka koridoni na kusimama kando ya Profesa, bega kwa bega, akinyoosha magoti yaliyolia kama kuni kavu. Mbele yao sakafu ilikuwa nzima, na hakuna aliyeruhusiwa kuikanyaga mpaka kesho.

"Bado nakudai swali," alisema akitazama mbele.

"Liulize."

"Una mtu?"

"Halimo kwenye fomu hilo."

"Ndiyo maana nimeliweka mwisho."

"Sina. Ila shangazi yangu ana mtu kwa ajili yangu. Wa benki."

"Amesoma mpaka wapi?"

"Shahada mbili, kama mimi."

"Na wewe unamtaka?"

"Hayo sasa ni maswali matatu," Profesa alisema, akaanza kushuka ngazi haraka, asije akalijibu.

Ofisini, Msimamizi alisoma marekebisho yale mara mbili.

"Yaani umerudi na mabaya zaidi. Darasa la tano? Una hakika hakukudanganya?"

"Alinidanganya. Lakini si kwenye pesa."

Msimamizi alivua miwani, akamtazama kwa muda. "Na uso huo unaong'aa hivyo, nao ni sehemu ya utafiti?"

"Nimehakiki, Mama. Mkimtoa, mtakuwa mmemtoa mtu wa kweli. Mimi sitasaini."

Alijua anachocheza nacho; mikataba mipya ilikuwa inaandikwa mwezi ule. Msimamizi alichukua kalamu yake nyekundu, akalikata neno lake mwenyewe.

"Toka ofisini kwangu," alisema kwa sauti ya kawaida, na Profesa akajua mambo si mabaya.

Alipofika nyumbani jua lilikuwa bado juu. Baba yake alikuwa barazani na gazeti, kalamu mkononi, akisahihisha makosa ya waandishi kama alivyofanya kila siku tangu astaafu. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Shangazi, dada yake, alikuwa kwenye kiti cha pembeni akishona vifungo.

"Yule wa benki amepiga simu," Shangazi alianza kabla Profesa hajakaa. "Kijana mpole, ana kazi yake, ana masomo yake. Mwanangu, mchagua nazi hupata koroma. Na hiyo simenti kwenye sketi umeipata wapi?"

Profesa alijitazama. Pajani palikuwa na vumbi jeupe, pale walipokuwa wamesimama bega kwa bega.

"Kazini. Nilikuwa namhoji fundi vigae."

"Mara ya pili," alisema Mwalimu bila kuinua macho gazetini. "Wiki iliyopita ulimtaja. Jumatatu ukamtaja. Jana ulisema vigae vyetu vya jikoni vimepinda, na vina miaka kumi vimepinda hukuwahi kuviona." Sasa aliinua macho. "Amesoma mpaka wapi?"

"Siwezi kusema, Baba. Ni siri ya utafiti."

"Sekondari?"

Profesa alitazama vidole vyake.

"La saba?"

Bado vidole.

"Chini ya la saba!" Kalamu ilimwanguka Mwalimu.

"Mungu wangu," Shangazi alisema, akajichoma sindano.

"Mimi sijasema kitu."

"Umesema yote. Nimefundisha miaka thelathini na nne, najua mtoto anavyonyamaza akiwa na jibu." Mwalimu alilikunja gazeti. Hakufoka, afadhali angefoka. "Sikiliza. Simdharau mtu kwa kazi yake. Mjenzi ni mtu. Lakini leo ana nguvu anapata, siku mwili ukigoma atashika nini? Wewe una kitu ambacho hakuna wa kukunyang'anya. Nilikupa hicho ili usije ukamtegemea mtu."

"Anapata zaidi yangu, Baba."

"Leo."

"Mara tatu na nusu."

"Haiwezekani," Mwalimu alisema, na lilikuwa neno lile lile la Msimamizi. "Wewe unapata milioni na..."

"Sipati milioni." Alishasema mara moja leo, mbele ya mgongo wa mtu. Sasa alilazimika kusema mbele ya uso aliouogopa kuliko nyuso zote. "Napata laki sita na nusu. Kuna miezi sipati chochote. Nilikudanganya. Nilitaka uone ile baiskeli haikuenda bure."

Shangazi aliweka sindano chini, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na methali.

"Na zile laki mbili?" Mwalimu aliuliza taratibu.

"Natoa humo humo."

"Mchana unakula nini?"

Profesa hakujibu, na Mwalimu alikuwa ameshasema anajua maana yake. Aliondoa miwani, akaifuta kwa shati muda mrefu, ingawa haikuwa chafu. Miaka thelathini na nne aliwaambia watoto wa watu kwamba atakayesoma sana atapata sana, na yeye mwenyewe akaamini, na mtoto wake wa pekee akaibeba imani ile kwa tumbo tupu ili baba asivunjike moyo. Alipoirudisha miwani, macho yake yalikuwa mekundu.

"Baiskeli ilikuwa mbovu," alisema. "Breki hazikushika. Usiitaje tena."

Kisha, kwa ile sauti yake ya darasani ambayo haikuweza kukaa mbali na swali lisilo na jibu: "Mara tatu na nusu? Kwa la ngapi vile?"

"Muulize mwenyewe."

"Na yeye anataka nini kwako?"

"Sijui yote anayotaka," Profesa alisema, uso ukipata moto. "Ila nje ya utafiti kabisa, ameniomba nimtafutie mwalimu wa kumsomesha. Mtu asiyetangaza. Nimefikiri labda mimi mwenyewe, Jumamosi..."

"Wewe!" Mwalimu alisimama. "Wewe ulisomea takwimu. Unajua nini kuhusu kumfundisha mtu mzima kusoma? Utamtia aibu siku ya kwanza, ya pili haji. Mtu mzima hafundishwi kama mtoto. Ile ni kazi ya mtu aliyefundishwa kuifanya." Alikuwa anatembea barazani sasa, mikono nyuma. "Anajua herufi zote?"

"Zote. Maneno mengi yakija pamoja yanamkimbia."

"Yanamkimbia!" Mwalimu alisema, na usoni mwake palikuwa na mwanga ambao Profesa hakuuona tangu siku ya kustaafu. "Hilo linatibika. Hilo miezi minne. Jumamosi, saa tatu asubuhi. Na aje na daftari. Kuhusu hayo mengine mnayoyatazama ninyi wawili, mimi bado sijakubali chochote, tuelewane."

"Na wa benki nimwambie nini?" Shangazi aliuliza.

Mwalimu alikuwa ameshaingia ndani kutafuta chaki.

Jioni ile Profesa alimpigia Pima Maji simu, na Mwalimu akaichukua simu kumwuliza mwenyewe aliacha shule lini. Jumamosi Profesa aliamka kabla ya kila mtu, akapanga meza, akaipangua, akaipanga tena. Saa tatu ilifika, mlango haukubishwa. Alijiambia hatakuja. Alijiambia mtu wa milioni mbili hawezi kuja kukaa mbele ya mzee wa watu na daftari. Ndipo zikasikika hatua za mabuti, halafu kimya kirefu nje ya mlango, kimya cha mtu anayejiuliza arudi alikotoka au abishe.

"Hodi," sauti ilisema hatimaye.

Mwalimu alimzuia binti yake kwa mkono, akaenda kufungua mwenyewe. Pima Maji alikuwa amesimama pale na shati lililopigwa pasi, nyusi safi, daftari jipya ameliviringisha mpaka limekaribia kuchanika. Alikuwa mrefu kiasi cha kuinama mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umechelewa."

"Dakika mbili tu, Mwalimu. Naomba msamaha."

"Dakika mbili na miaka ishirini na mitatu," Mwalimu alisema, akasogea kando kumpisha. "Ingia, tusipoteze nyingine. Kaa pale. Na wewe, Profesa, hamia chumba kingine. Mwanafunzi wangu hawezi kusoma pande mbili kwa wakati mmoja."